Chaji ya Saa Sita Mchana

Tunduma,
Ijumaa, 30 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

YAH: OMBI LA KUSHIRIKI KATIKA JARIBIO LA SIKU ISHIRINI NA MOJA LA SAA YA MKONONI YENYE LAINI YA SIMU

Shikamoo.

Nakuandikia kukuomba jambo moja: uivae saa iliyomo ndani ya bahasha hii tangu Jumatatu tarehe 2 Juni hadi Jumapili tarehe 22, na kila ifikapo saa kamili uandike kiasi cha chaji kilichobaki.

Unafahamu kilichosemwa katika kikao cha ukoo siku ya Pasaka. Baba Mkubwa Watson aliamua kwamba kahawa ikishachumwa utafunga nyumba yako ya Ileje na kuhamia kwake Tunduma, kwa sababu mwezi Machi ulianguka kijitoni ukalala hapo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na simu yako ilikuwa mezani nyumbani. Ni mimi peke yangu niliyesimama kupinga. Nilisema kwamba simu husahaulika mezani lakini saa hukaa mkononi, na kwamba siku hizi zipo saa zenye laini yake ndani, zinazopiga simu bila kuhitaji simu nyingine karibu. Baba Mkubwa alicheka akasema, "Haya, injinia, tuone. Lete ripoti ya maandishi mwisho wa Juni."

Ukibonyeza kitufe cha pembeni kwa sekunde tano, saa hii itanipigia mimi, na nisipopokea itampigia Baba Mkubwa. Hofu yangu ni moja tu. Boksi linadai kwamba betri hudumu saa arobaini na nane. Ninaamini kipimo hicho kilifanyika katika mji wenye mnara kila kona. Je, katika milima yenu itadumu muda gani? Nimetafuta jibu kila mahali, sijalipata, na swali hili limeninyima utulivu.

Tafadhali tuwasiliane kwa barua, kwa mkono wa Luka, dereva wa Noah ya abiria ya Isongole. Kila simu nitakayokupigia itakula chaji ileile tunayoipima.

Wako mtiifu,
Alinanuswe Y. Kibona
Shahada ya Uhandisi wa Elektroniki na Mawasiliano


Ileje,
Jumanne, 3 Juni 2025

Mwanangu Alinanuswe,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana ilinijia kama inatoka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Nilitafuta muhuri sikuuona.

Nimekubali. Nimepima joto la wagonjwa miaka thelathini na miwili, sitashindwa kupima kisaa. Nimekifungulia faili kabisa. Jina la mgonjwa: Saa. Umri: haujulikani. Malalamiko: uchovu.

Jana Jumatatu nilishinda nyumbani nikianika kahawa. Saa kumi na mbili asubuhi mgonjwa alikuwa mia kwa mia. Saa tatu, themanini na moja. Saa sita mchana, hamsini na nane. Leo nimempeleka shamba la juu, kule mgongoni unakoiona Malawi yote. Saa tatu alikuwa sitini na sita. Saa sita, ishirini na moja, macho yamelegea. Mgonjwa mmoja, siku mbili, hali mbili. Wewe uliyesoma, niambie ni ugonjwa gani huo.

Jambo jingine. Sola yangu inawasha taa mbili tu, tundu lake la kuchajia lilikufa zamani, na asubuhi ukungu hauondoki hadi saa nne. Kwa hiyo nampeleka kwa jirani yangu Tukuswiga, mwenye sola kubwa juu ya paa la jiko. Saa sita kamili, jua likiwa utosini, nafika kwake, nachomeka, tunakaa tunachambua maharage saa moja na nusu. Akishashiba namzima hadi kesho asubuhi, aanze tena na mia. Leo ameniuliza, "Dada, mtoto wako huyu ananyonya mara ngapi kwa siku?" Nikamwambia mara moja, lakini ana uchu.

Wako,
Shangazi Gwantwa


Tunduma,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Takwimu zako ni bora kuliko nyingi nilizoziona chuoni, na nasema hivyo bila kukupamba.

Swali lako nimelibeba hadi kwenye meza yangu ya kutengenezea simu, na wateja wameniona nikitikisa kichwa peke yangu. Nilidhani mwanga wa kioo ndio unaokula chaji, au kile kitaa cha kijani kinachopima mapigo ya moyo. Lakini kioo hakibadiliki kwa kupanda kilima, na moyo wako nao, hata ukienda mbio, hauwezi kumaliza betri. Basi shambani kuna nini ambacho nyumbani hakipo?

Naomba mambo mawili. Kwanza, zima kile kitaa cha kijani. Nimekuchorea namna ya kufanya nyuma ya karatasi hii. Pili, pamoja na chaji, andika mahali ulipo. Usiruke saa hata moja, kwa kuwa ripoti hii itasomwa mbele ya watu ambao wangefurahi kuona pengo.

Baba Mkubwa alipita jana kwenye kibanda changu. Aliuliza, "Betri imefika wapi?" Nilimjibu kwamba uchunguzi unaendelea. Akasema tayari amepaka rangi chumba chako.

Wako mtiifu,
Alinanuswe Y. Kibona
Shahada ya Uhandisi wa Elektroniki na Mawasiliano


Ileje,
Jumanne, 10 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Karatasi za wiki nzima nimezifunga pamoja na barua hii. Nimetumia penseli kwa sababu kalamu huganda na baridi ya asubuhi.

Kwa kifupi: nikishinda nyumbani, mgonjwa anafika saa sita akiwa na nusu au zaidi. Nikipanda shamba la juu, anafika kwa Tukuswiga akipumulia mashine. Jumatano, Jumamosi na jana alikuwa chini ya ishirini. Kitaa cha kijani nilikizima. Hakuna nafuu.

Rangi gani hiyo ya chumba? Watson ana mazoea ya kuchagua kabla ya kuuliza. Tulipokuwa wadogo alinichagulia hata ng'ombe wa kuchunga.

Hapa kahawa imeiva kwa mkupuo. Tukuswiga na mumewe Shadrack wananisaidia kuchuma, nami nawasaidia kukoboa. Usifikiri ninaishi pangoni.

Ripoti yako utaiandikaje? Utasema lolote kuhusu mimi, au kuhusu betri peke yake? Nauliza tu.

Wako,
Shangazi Gwantwa


Tunduma,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ripoti itahusu kifaa peke yake. Swali lako limenishangaza kidogo, na ndilo lililonifanya nirudie karatasi zako kwa makini zaidi.

Nimeona jambo ambalo naomba uniwie radhi kwa kulitaja. Katika karatasi za tarehe 4, 7 na 9, siku zote tatu za shamba la juu katika wiki hiyo, mstari wa saa tano umefutwa kwa kifutio hadi karatasi imekwanguka. Nilipoinua karatasi kwenye mwanga nilisoma maandishi ya awali. Hayakuwa "saa tano". Yalikuwa "saa nne". Yaani siku hizo uliandika saa nne mara mbili, kisha ukasahihisha.

Kosa la kuandika hutokea kwa yeyote. Lakini mara tatu, mahali palepale, mstari uleule? Mhandisi hawezi kupita hapo bila kusimama. Naanza kushuku kwamba betri ni mbovu na kwamba huenda hata saa yenyewe haihesabu vizuri. Nimewaza kukirudisha kifaa dukani na kuomba kingine, jambo ambalo litavunja jaribio letu katikati. Kabla sijafanya hivyo nakusihi uniambie kilichotokea, hata kama ni kidogo namna gani. Sitamwonyesha mtu mwingine jibu lako.

Wako mtiifu,
Alinanuswe Y. Kibona
Shahada ya Uhandisi wa Elektroniki


Ileje,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Alinanuswe,

Macho yako ni makali kuliko ya matroni wangu wa zamani.

Nitakuambia, na barua hii uichome.

Tarehe 3 niliruka saa nne na saa tano, sikuona kitu. Tarehe 4, shambani, niliandika saa nne kamili, sitini na moja. Nikaendelea kuchuma. Ndoo ilijaa, nikaimwaga, nikajaza nyingine. Nikatazama mkono: saa nne kamili, arobaini na tatu. Nilikaa chini. Nikasema, Gwantwa, ile ya kwanza hukuisoma, umeiota. Nilipofika kwa Tukuswiga jua lilikuwa utosini na saa ya mkononi ilisema saa tano. Tulipokuwa tunachambua maharage niliitazama tena, ikasema saa sita na dakika ishirini. Sikumwambia kitu. Tarehe 7 ikawa vilevile. Tarehe 9 vilevile.

Mama yetu alianza hivi, mwanangu. Wewe hukumjua. Kwanza aliuliza ni saa ngapi. Akauliza tena. Baadaye akawa anamuuliza Watson jina lake. Siku ya Pasaka Watson alisema mbele ya watu wote, "Dada anaanza kusahau," na mimi nilimkatiza kwa hasira kwa sababu nilikuwa nimesahau kweli: sufuria ilikuwa jikoni inaungua.

Ndiyo maana nilifuta. Muuguzi aliyefuta chati ya mgonjwa! Katika miaka thelathini na miwili sijawahi. Ikiwa akili yangu inaondoka, nitakwenda kwenye hicho chumba kilichopakwa rangi bila ugomvi. Lakini nilitaka kwanza kumaliza kahawa.

Shangazi yako


Tunduma,
Jumanne, 17 Juni 2025

Shangazi, Shangazi wangu,

Shikamoo! Barua yako Luka ameniletea saa mbili asubuhi, nami naandika jibu gari lake likiwa bado linapakia, kwa hiyo usahau vichwa vya habari na mihuri.

Akili yako ni nzima. Ulisoma sawasawa mara zote mbili. Mimi ndiye niliyekosea.

Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, unajua tangu utotoni. Jambo usilolijua, kwa sababu simu yako ya kitochi haijawahi kulifanya, ni kwamba vifaa vya siku hizi huuliza muda kwa mnara. Nyumbani kwako uko bondeni, saa inashika mnara wetu. Ukipanda mgongoni, mnara wa Malawi unaiita kwa sauti kubwa zaidi, nayo inavuka mpaka ikiwa mkononi mwako na kurudi nyuma saa moja. Ukishuka kwa Tukuswiga inarudi Tanzania. Saa nne ulizoziona zilikuwa mbili kweli: moja ya Tanzania, moja ya Malawi.

Hapa Tunduma jambo hili ni la kila siku! Kila wiki mtu ananijia kibandani: "Fundi, simu yangu imelala Zambia, nimekuta ibada imeisha." Nazima mpangilio huo kwa sekunde kumi. Kwenye simu yangu nilishauzima miaka minne iliyopita, na ndiyo maana nilisahau kwamba upo. Kwenye saa yako niliuacha wazi makusudi, nikajisifu kwamba itakuwa sahihi kuliko saa zote za Ileje.

Na ugonjwa wa chaji ni huohuo. Pale mgongoni kifaa kinaitwa na minara miwili, kama mtoto anayeitwa na wajomba wawili kwa wakati mmoja: anakimbia huku, anarudi kule, mchana haujafika amechoka. Nimekuchorea nyuma namna ya kuchagua mtandao wetu kwa mkono, na muda pia kwa mkono. Fanya leo.

Limebaki swali moja tu, na siwezi kuandika ripoti bila jibu lake. Pale kijitoni ulipoangukia, je, mtandao upo? Naomba uende na Tukuswiga uangalie. Barua yako nimeichoma.

Alinanuswe


Ileje,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Kwako Alinanuswe,

Habari za huko. Mimi ni Tukuswiga, jirani wa shangazi yako. Naandika mimi kwa sababu mkono wake wa kulia umevimba. Usishtuke, yuko hapa pembeni ananisahihisha kila neno.

Jana Alhamisi alikwenda kijitoni. Peke yake. Wewe ulimwandikia aende na mimi, barua yako nimeiona, yeye anasema hakutaka kunisumbua nimeloweka kahawa. Akateleza palepale pa mwezi wa tatu. Kifundo cha mguu kilekile cha Machi kikagoma, na mkono akauangukia. Alibonyeza hicho kitufe chenu sekunde tano, akabonyeza tena, akabonyeza mpaka kidole kikauma. Hakuna mtandao pale chini hata kijiti kimoja. Anasema nikuandikie kwamba chaji ilikuwa asilimia sabini na moja. Hata kwenye matope alikuwa anasoma namba, huyu mtu!

Mimi nilikuwa nimeshatandika mkeka na maharage yangu. Saa sita ikafika, hayupo. Nikasema atakuwa njiani. Robo, hayupo. Nusu, nikamwambia mume wangu, "Shadrack, mtoto hajaja kunyonya." Tangu aanze hajawahi kuchelewa hata dakika tano, mimi namcheka kwa hilo. Tukatoka, yeye njia ya shamba, mimi njia ya maji. Saa saba kasoro robo nikamkuta amekaa juu ya jiwe, amelowa, ananiambia, "Umechelewa."

Zahanati wamesema hakuna kilichovunjika. Anakula vizuri. Anasema usijilaumu na umwambie Watson ukweli wote, usifute kitu.

Tukuswiga


Tunduma,
Jumatatu, 23 Juni 2025

Baba Mkubwa Watson Kibona,

YAH: RIPOTI YA JARIBIO LA SAA YA MKONONI YENYE LAINI YA SIMU

Shikamoo Baba Mkubwa. Kama ulivyoagiza mbele ya ukoo, nawasilisha ripoti kwa maandishi.

Kuhusu betri: madai ya boksi si kweli katika milima ya Ileje. Kifaa kilipoachwa kijichagulie mtandao, kilikaribia kuzimika ndani ya saa sita pale shamba la juu, kwa kuwa kiliyumba kati ya mnara wetu na wa Malawi. Kilipofungiwa mtandao mmoja, kwa kasi ya chaji ilivyopungua, kingedumu kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa hesabu yoyote hakifiki siku ya pili. Anayekivaa lazima akichaji kila siku, na kwa Shangazi hilo linawezekana mchana tu, kwa jirani.

Kuhusu mtandao: nyumbani upo, hafifu. Shambani upo. Kijitoni haupo kabisa.

Kuhusu tukio la tarehe 19: Shangazi aliteleza kijitoni yapata saa tano na robo. Alikwenda kwa sababu mimi nilimwomba akapime mtandao. Niliandika aende na mwenzake, lakini nilijua tabia yake na bado niliandika. Saa ilikuwa na chaji ya kutosha na haikumsaidia kwa lolote. Siwezi kukuambia kwamba ilimwokoa, ingawa wiki tatu zilizopita ningetoa chochote nipate kuandika sentensi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo sijui niliweke safu gani ya ripoti. Mwezi Machi Shangazi alikaa pale kwa muda wa saa nane. Safari hii alikaa saa moja na nusu. Jirani yake alitoka kumtafuta kwa sababu hakufika kuchaji. Nimeligeuza jambo hili kila upande tangu Ijumaa na bado linanidadisi.

Kuhusu akili ya Shangazi, sikuagizwa kuipima, ila nashuhudia kwamba kumbukumbu zake za siku ishirini na moja zilikuwa sahihi kuliko kifaa chenyewe.

Alinanuswe Kibona


Tunduma,
Jumatano, 25 Juni 2025

Alinanuswe,

Nimesoma ripoti yako mara mbili. Umeandika ukweli hata pale ulipokuumiza. Baba yako angekuwa hai angejivuna, nami najivuna kwa niaba yake.

Lakini saa yako imeshindwa, umekiri mwenyewe. Watu wengine walisimulia habari za mwezi Machi, mimi nilimbeba. Nilifika na gari jioni ile kumsalimia, nikamkuta kijitoni, nikampandisha kilima mgongoni, na alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Hakuwa anajibu. Nilimwita jina lake la utotoni njia nzima. Wewe unadhani nimepaka chumba rangi kwa kiburi?

Mwambie ajiandae. Jumamosi nakwenda kumchukua. Kahawa iliyobaki watachuma hao majirani.

Baba Mkubwa


Ileje,
Alhamisi, 26 Juni 2025

Kaka Watson,

Shikamoo. Alinanuswe amenitumia barua yako pamoja na ripoti yake. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitasema machache na wewe utavumilia mwandiko.

Sikujua kwamba uliniita jina la utotoni. Hakuna aliyeniambia. Ndaga, kaka yangu. Asante kwa mgongo wako.

Sasa nisikilize kama ulivyomsikiliza injinia. Wewe umesoma kwamba saa imeshindwa. Mimi nilikuwa kwenye matope nikiwa nimeivaa, na nimesoma tofauti. Ingekuwa na betri ya wiki nzima, kama hizo wanazotamani watu, nisingekuwa na sababu ya kwenda kwa Tukuswiga kila siku. Ningevaa, ningejiamini, ningeteleza, ningebonyeza kitufe mahali pasipo na mtandao, na ungenikuta tena jioni, wa baridi. Kwa kuwa haimalizi hata siku moja, kuna mtu anayetandika mkeka akinisubiri saa sita. Sikufika, akatoka. Alinanuswe anauliza aliweke safu gani. Aliweke ya kwanza.

Wiki nzima nimefikiria hicho chumba chako. Wewe asubuhi uko ghalani na mahindi yako, mkeo yuko dukani hadi giza. Nikianguka huko saa mbili asubuhi, nani atanikosa kabla ya jioni? Tunduma ina minara mingi, ya kwetu na ya Zambia. Ila niambie jina la mtu mmoja anayenisubiri huko mchana.

Kijitoni sitakwenda tena peke yangu; hilo nimelikubali na Shadrack ameshanitekea maji ya siku tatu. Kuna jambo jingine nilimficha kila mtu, nikidhani ugonjwa wa Mama umenifikia. Haukunifikia. Nitakusimulia mwenyewe, utacheka, halafu utanionyesha simu yako mpya nami nitakufundisha kitu.

Gari njoo nalo, maana kuna magunia ya kahawa ya kupeleka. Lakini kabla ya kufungua mlango wa kunipakia, kaa na sisi mchana mmoja uone. Ukishaona bado ukasema nihame, nitaongea nawe bila kukukatiza.

Usije nyumbani kwangu. Njoo kwa Tukuswiga, Jumamosi tarehe 28 Juni, saa sita kamili mchana, kwa muda wa Tanzania. Simu yako ikikudanganya ukishapita Isongole pale mpakani, tazama jua. Mkeka utakuwa umetandikwa. Ikifika saa sita na nusu hujatokea, tutatoka kukutafuta.

Mdogo wako,
Gwantwa